Shokapu za porini kwenye pikipiki ya asali: shajara ya mradi, Tabora

Mei, kabla ya kufungua chochote

Pikipiki ni ya shemeji, cc 150 ya Kichina, aina ambayo huwezi kuikosa kwenye kijiwe chochote cha Tabora. Kazi yake ni asali. Anatoka mjini asubuhi akiwa hana mzigo, anakula lami ya Sikonge kama kilomita 70, anaingia vijijini kwa wafugaji nyuki, kisha anarudi na ndoo mbili za lita 20 kwenye keria. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja inakaribia kilo 1.4, hivyo ndoo moja ni kilo 28 na mbili ni 56, na uzito wote huo umekaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kidogo. Kabla hajaifikia lami ana njia za mchanga wa miombo, na malalamiko yake ni yale yale tangu mwaka jana: "Shemeji, nikipakia mbele inaelea. Kwenye mchanga nakata usukani, yenyewe inaendelea na safari zake."

Wengi hapa hutibu hali hiyo kwa kuongeza springi nyuma, au kuchomelea vipande ili shokapu za nyuma zirefuke. Nyuma inanyanyuka, mbele hakuna anayepima. Mimi nilikuwa na shokapu za mbele za pikipiki ya porini zimelala stoo, shemeji alikuwa na hela ya shokapu mpya za nyuma, tukakubaliana kubadili pande zote mbili kwa pamoja. Niliweka sharti moja: hakuna spana itakayoguswa kabla sijaandika namba za pikipiki ilivyo sasa. Ukishaifungua mbele, hali ya zamani imepotea, inabaki hadithi ya kila mtu na anavyokumbuka.

Vifaa: timazi, uzi wa mwashi, pimamaji, futi, simu yenye programu ya kupima pembe, mfuko wa saruji wa kilo 50 na kidumu cha maji cha lita 5. Saruji na maji ndiyo asali ya majaribio, haimwagiki na haiiti nyuki. Sakafu ya uani kwangu Isevya ina mteremko, kwa hiyo nilitia alama mahali matairi yanaposimama, nikalaza ubao ulionyooka kati ya alama hizo, na simu nikaisawazisha juu ya ubao. Upepo wa matairi nilihakikisha ni ule ule kila ninapopima. Tairi legevu linakula milimita kadhaa za kimo, na hizo milimita ndizo tunazozitafuta.

Maneno mawili yatajirudia humu. Mlalo ni pembe ya shingo ya usukani ukilinganisha na uzi wa timazi: shingo ikisimama mlalo ni mdogo, ikilala ni mkubwa. Mburuto ni umbali ulioko ardhini. Vuta mstari wa kufikirika kupitia katikati ya shingo hadi chini, halafu dondosha timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele. Timazi itaangukia nyuma ya mstari ule, na nafasi kati yao ndiyo mburuto. Tairi linaburutwa nyuma ya mstari wake, ndiyo maana usukani hurudi katikati wenyewe. Mburuto mfupi hufanya usukani uwe mwepesi na wenye haraka, mrefu huufanya uwe mzito na upende kunyooka tu.

Mburuto hauhitaji kupimwa kwa macho, unahesabika. Chukua nusu kipenyo cha tairi la mbele, zidisha kwa sin ya mlalo, toa ile hatua ambayo ekseli imeutangulia mstari wa shingo, kisha gawa kwa cos ya mlalo. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Namba za pikipiki hii: nusu kipenyo milimita 300, hatua ya ekseli 45, ekseli hadi ekseli 1,290. Shemeji akiwa amekaa (kilo 78, buti na koti juu, kama anavyosafiri), mlalo ni digrii 26.7 na mburuto ni milimita 100. Nikapakia saruji na maji: nyuma ilizama milimita 75 kati ya 80 ilizonazo, mbele ikapunguziwa uzito na kuinuka kidogo, mlalo ukafika karibu digrii 29, mburuto 114.

Kwa hiyo shemeji hasemi uongo. Asubuhi anaendesha pikipiki moja, jioni anarudi na nyingine ambayo mbele yake ni nyepesi na imelala zaidi, na shokapu za nyuma zimebakiza milimita tano tu kabla ya chuma kugonga chuma.

Juni, vipuri

Shokapu za mbele zinatoka kwenye pikipiki ya porini ya Kijapani iliyokufa injini. Paipu zake ni za milimita 35, za zamani zilikuwa 30. Ni ndefu kwa milimita 50, na zina mwendo wa milimita 180 badala ya 110. Zimekuja na mabamba yake mawili yanayoshika paipu, la juu na la chini, pamoja na chuma cha shingo. Niliposhauriwa nitanue matundu ya mabamba ya zamani ili yapokee paipu nene nilikataa palepale. Ukuta wa bamba ukipungua milimita mbili na nusu kila upande, kilichobaki hakinipi usingizi.

Paipu moja ilikuwa imepinda. Kwa jicho haionekani, lakini ukiiviringisha juu ya kioo inacheza. Nikampelekea mzee mmoja wa Gongoni aliyestaafu karakana ya reli. Ana vile vitalu viwili vyenye mfereji wa V, ana saa ya kupimia yenye mshale, na ana subira ambayo mimi sina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta reli au umeleta pikipiki?"

Aliizungusha, akaweka chaki palipoinuka, akabana na presi, akazungusha tena. Alirudia mpaka mshale ukatulia. Alikataa kutumia moto. Moto unaua ugumu wa chuma na kuharibu ngozi ya kromu, na kromu ikishakwaruzika inachana sili, mafuta yanaanza kuvuja.

Tairi la mbele nimelibakiza lile lile la inchi 18. Shokapu hizi zilizaliwa na rimu ya 21, ambayo kwenye mchanga ingesaidia, lakini tairi la 21 mtu analitafuta kama mpotevu na la 18 lipo mpaka vijijini. Shemeji hawezi kulala porini akisubiri tairi liletwe na basi.

Kubaki na tairi la zamani kulileta kazi mbili. Ekseli mpya ni nene, hivyo mkereza vyuma alinitengenezea bushi za pembeni na beringi za habu zikabadilishwa. Kazi ya pili ni ya breki, na hapa naomba anayesoma apunguze mwendo. Breki ni ya dramu. Sahani ya dramu ina mfereji unaokaa kwenye kidole cha chuma kilicho mguuni mwa shokapu, na kidole hicho ndicho kinachozuia sahani isizunguke na tairi ukibana breki. Kwenye shokapu hizi kidole kimekaa mahali pengine, mfereji haukifikii. Ukifunga hivyo hivyo pikipiki itatembea vizuri kabisa mpaka siku ya kwanza ya breki kali, ambapo sahani nzima itazunguka, itakata waya wa breki na tairi linaweza kujifunga. Nilitengeneza mkono wa chuma bapa wa milimita 6, upande mmoja umefungwa kwa bolti kwenye sahani, upande mwingine kwenye mguu wa shokapu, nati zote zina pini. Bila hiyo nisingeitoa uani.

Shingo ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea: beringi zenye tundu la chuma kipya na kipenyo cha nje cha fremu ya zamani, pamoja na bushi moja ya kukerezwa. Nati ya shingo inakazwa hivi: tairi la mbele likiwa hewani, usukani usukumwe kidogo kutoka katikati, uanguke wenyewe upande mmoja kwa uzito wake. Ukigoma umekaza mno. Ukisikia "to" unapobana breki na kusukuma mbele, umelegeza mno.

Nyuma: shokapu mpya za milimita 340 tundu hadi tundu, za zamani ni 320. Springi ngumu zaidi, na chini zina kikombe cha ngazi tano za kukandamiza springi. Dukani zilikuwepo nyingine zenye chupa ya gesi pembeni, za kung'aa, bei juu. Nimewahi kufungua moja ya namna hiyo na chupa ilikuwa tupu, haijaungana na kitu chochote. Shemeji alizitamani mpaka mwisho.

Julai, kukandamiza bila springi

Kabla ya mafuta na springi kuingia, nilifunga mbele yote ikiwa mikono mitupu, nikaishusha fremu kwa jeki mpaka shokapu zikafika mwisho wa mwendo wake. Milimita 180 ni nyingi. Nilitaka kujua tairi litagusa nini siku shemeji atakapoingia shimoni na asali. Tairi halikugusa chochote, kwa kuwa la 18 ni dogo kuliko lile ambalo shokapu zilizaliwa nalo. Madigadi ya chini ndiyo iliyokuwa inagonga bamba. Imehamishiwa juu, chini ya bamba, imekaa kama ya pikipiki ya porini na shemeji ameanza kujisikia.

Usukani nao niliukata mpaka mwisho kulia na kushoto. Paipu nene zilikuwa zinakaribia tangi, nikaongeza nyama kwa kuchomelea kwenye vizuizi vya shingo. Waya wa klachi umefika, wa breki ya mbele umebadilishwa kwa mrefu.

Mwisho wa Julai, barabarani kwa mara ya kwanza

Hesabu ya mezani ilikuwa hivi. Shokapu ya mbele imerefuka 50, lakini imelala, hivyo kimo kinapanda kama 45. Nyuma shokapu imerefuka 20, na kwa kuwa haijafungwa kwenye ekseli yenyewe bali mbele yake kidogo, ekseli inashuka kama 23. Mbele imezidi nyuma kwa milimita 22. Kwenye pikipiki yenye urefu huu kila milimita 22 na nusu za tofauti ni digrii moja, kwa hiyo mlalo ungeongezeka digrii moja na usukani ungekuwa mzito kidogo.

Shemeji akakaa, nikapima: digrii 26. Imesimama kuliko ilivyokuwa ikitoka kiwandani.

Hesabu ilikuwa ya shokapu zilizonyooka, na hakuna anayeendesha shokapu zilizonyooka. Springi za mbele, zilizozoea pikipiki nyepesi, zilizama milimita 60 chini ya shemeji, wakati za zamani zilizama 28. Nyuma springi mpya ngumu zilizama 20 badala ya 30. Mbele ikainama, nyuma ikanyanyuka. Juu ya hilo ekseli ya shokapu hizi imetangulia zaidi, hatua ni 55 badala ya 45, na kila milimita ya hatua inakula zaidi ya milimita moja ya mburuto. Ukiweka vyote kwenye kikokotoo mburuto unatoka 85.

Tulikwenda upande wa Kwihara, kwenye barabara ya udongo, halafu tukarudi lami. Kwenye mchanga ilikuwa raha, inageuka kwa kufikiria tu. Kwenye lami, ilipopita 70, usukani ulianza kuchezacheza mikononi, na ukibana breki mbele inazama kwa pupa. Nilikaa nikahesabu: ikizama milimita 70 zaidi na nyuma ikiinuka 20, mlalo unashuka hadi digrii 22 na kidogo, mburuto unabaki kama 64. Hapo ndipo lori linapokuwa mbele yako na unahitaji usukani uliotulia kuliko wakati wote. Nikamwambia shemeji asiitumie kazini. Akaniuliza asali italetwa na nani. Akaazima pikipiki ya jirani.

Agosti, springi kwanza

Kijana mmoja wa kijiweni alinishauri niteremshe shokapu za nyuma tu, mlalo utarudi, kazi imeisha. Namba ingerudi kweli, kwa dakika ile pikipiki ikiwa imesimama uani. Lakini springi laini zingeendelea kuzama kila breki, na shemeji akipakia nyuma ingekuwa chini tena. Kimo kinatokana na springi. Mtu akirekebisha kimo kabla ya springi atakirekebisha mara ya pili.

Springi ngumu za shokapu hizi hazipo Tabora, na kuagiza bila kujua namba yake ni kucheza bahati nasibu. Kuna njia ya zamani: springi yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi, kwa uwiano ule ule. Hizi zina mizunguko 40 inayofanya kazi. Kukata 8 kunaacha 32, na 40 kwa 32 ni 1.25, yaani ugumu umeongezeka robo. Kinachokatwa kinarudishiwa kwa kipande cha bomba gumu la maji chenye urefu ule ule, washa nene juu na chini, ili mkandamizo wa kuanzia ubaki ulivyokuwa.

Kata kwa diski ya kusagia, polepole, huku unapooza kwa maji. Usikate kwa gesi. Ncha iliyokatwa iangalie juu kwenye washa, iliyosawazishwa na kiwanda ikae chini. Halafu hesabu hii, ambayo watu huiruka: waya ni wa milimita 4, mizunguko 32 ikigusana yote ni milimita 128. Shokapu ikifika mwisho wa mwendo, springi ina nafasi ya zaidi ya milimita 180, kwa hiyo haijabanana. Ingekuwa inabanana kabla ya mwisho, shokapu ingesimama ghafla kama imegonga ukuta.

Matokeo chini ya shemeji: mbele inazama 45. Mlalo 26.6, mburuto 89. Mlalo umerudi ulipokuwa zamani kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya digrii, na mburuto bado ni mfupi kwa zaidi ya milimita 10. Hiyo ni kazi ya hatua ya ekseli peke yake, hakuna springi itakayoirudisha.

Kisha saruji na maji juu ya keria. Mlalo digrii 28, mburuto 97.

Hapa nilisimama nikaviangalia vile vipande vya karatasi kwa muda. Zamani kupakia kulibadilisha mburuto kutoka 100 hadi 114. Sasa ni kutoka 89 hadi 97. Namba zote mbili mpya ni ndogo kuliko nilizotaka, ila zimesogeleana. Nikaanza kuamini kwamba nilikuwa nakimbiza kitu kisicho cha maana sana. Pikipiki za mashindano zinatafuta namba moja nzuri kwa sababu zinabeba mtu yule yule kila siku. Hii inabeba kilo 78 asubuhi na 134 jioni, na mikono ya shemeji imezoea chochote utakachompa mradi kisibadilike njiani.

Agosti hiyo hiyo, mafuta na rasta

Mafuta niliyoyaweka mwanzo yalikuwa mazito, oili ya injini iliyokuwepo. Kwenye shimo moja moja hayana shida. Kwenye rasta (vituta vidogo vinavyofuatana) za barabara ya udongo, ambayo imepita kiangazi kizima bila greda, usukani ulianza kuwa mwepesi kadiri tunavyokwenda, na tukitoka kwenye rasta unarudi kawaida baada ya muda mfupi. Mafuta mazito yanachelewesha shokapu kurefuka. Tuta la kwanza linaibonyeza, kabla haijarudi la pili limefika, la tatu linaikuta chini zaidi. Baada ya mita hamsini mbele inatembea ikiwa imezama, mlalo umesimama, mburuto umepungua, na uani huwezi kuliona hilo kamwe.

Nimemwaga, nimeweka mafuta mepesi ya shokapu, ya daraja la 10W. Kipimo ni nafasi ya hewa: springi nje, shokapu imebanwa hadi mwisho, kutoka mdomo wa paipu hadi usawa wa mafuta milimita 150, miguu yote miwili sawa. Nikiona inafika mwisho kwenye mashimo nitapunguza nafasi hadi 140. Hewa kidogo hubanwa haraka na kuongeza ugumu mwishoni mwa mwendo bila kugusa springi. Niliifunga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye paipu ili inionyeshe shokapu imefika wapi. Mpaka sasa imebakiza vidole viwili.

Septemba, neno la mzee wa reli

Nilirudi Gongoni kumrudishia mzee kitalu chake kimoja nilichoazima, nikamsimulia kuhusu tupu na mzigo. Hakushangaa hata kidogo.

"Behewa la mizigo lina mkono pembeni," akasema. "Unaweka tupu au unaweka mzigo. Breki ya behewa tupu ukiipa lililojaa halisimami. Ya lililojaa ukilipa tupu, magurudumu yanafunga na kuteleza. Sisi hatukutafuta katikati. Tulivuta mkono."

Shokapu za nyuma zina ngazi tano na mimi nilikuwa nimeziacha ya tatu, katikati, kama kila mtu anavyofanya siku ya kufunga na kusahau. Kutoka ngazi ya tatu kwenda ya kwanza nyuma inashuka kama milimita 11. Kwenda ya tano inapanda kiasi kile kile. Milimita 11 ni nusu digrii.

Ngazi ya kwanza, shemeji bila mzigo: mlalo 27.1, mburuto 92. Ngazi ya tano, na mzigo: mlalo 27.5, mburuto 94.

Milimita mbili. Nilipima tena kwa timazi badala ya simu, na tena asubuhi sakafu ikiwa baridi. Ni hizo hizo, ukiondoa makosa ya jicho.

Ufunguo wa kuzungushia vikombe umefungwa chini ya siti kwa mpira wa tyubu. Kijijini, wakati ndoo zinafungwa, shemeji anazungusha pande zote mbili hadi ya tano. Akishusha mzigo nyumbani anarudisha. Nilidhani atachoka wiki ya kwanza. Hajachoka, kwa sababu siku alipojaribu kupakia akiwa ngazi ya kwanza mchanga ulimkumbusha.

Septemba, mabaki

Mambo ambayo shokapu ndefu zimeyaleta na lazima yaandikwe.

Cheni. Mkono wa nyuma sasa unateremka zaidi kutoka kwenye egemeo lake hadi ekseli. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Nilifungua bolti za chini za shokapu, nikainua tairi mpaka vitatu hivyo vikanyooka (uzi wa mwashi tena), nikaweka ulegevu wa kidole kimoja pale. Ukishusha tairi cheni inaonekana legevu kuliko ilivyozoeleka na kila anayepita anataka kuikaza. Asiiguse. Ikikazwa ikiwa juu ya stendi, siku ya mzigo itakula beringi ya sproketi ya mbele.

Mpira unaokinga mkono usisagwe na cheni nao unaguswa zaidi kuliko zamani. Nimeufunika kipande cha mkanda wa mashine ya kusaga, kitadumu msimu huu.

Stendi ya pembeni ilikuwa fupi, pikipiki inalala mno, na kwa kilo 56 za asali juu hilo ni ombi la hasara. Imeongezewa milimita 30 na sahani pana chini ili isizame mchangani.

Mstari wa matairi umepimwa kwa uzi pande zote. Kabla ya kukaza bolti za kubana ekseli ya mbele, pikipiki ilibonyezwa mara kadhaa ili miguu ya shokapu ijipange yenyewe, ndipo zikakazwa. Ukikaza kwanza miguu inabaki imebanana na shokapu inakwama kwama bila sababu inayoonekana.

Kwenye lami ya Sikonge sasa inakwenda 80 ikiwa tupu na usukani umetulia. Mimi sipendi aende zaidi ya hapo, na matairi haya hayakutengenezwa kwa zaidi ya hapo. Kwenye mchanga akiwa na mzigo anasema mbele inafuata anakotazama, ila ni nzito kidogo mikononi kuliko ile raha ya Julai. Nilimpa nafasi ya kuchagua kati ya hiyo na ile ya kuchezacheza, akacheka.

Kimebaki kimoja. Ningependa shokapu za nyuma za milimita 330, katikati ya za zamani na hizi. Zingeongeza nusu digrii na mburuto wa bila mzigo ungefika kama 95, bila kumbana sana akipakia. Muuza vipuri ameahidi kuulizia kwenye mzigo unaokuja. Zikija zitafungwa, vipimo vyote vitarudiwa kuanzia ubao na alama za sakafuni, na mafuta ya mbele yatamwagwa kabla mvua hazijaanza Novemba ili nione sili kwenye paipu aliyoinyoosha mzee zimeshika vipi.